Kama ubongo hufuata sheria za fizikia, ni nani anayeamua?

Swali la msomaji:

«Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya wilaya. Kazini nimewaona wagonjwa wa kisukari ambao sukari ikishuka huwatukana wauguzi na kutaka kupigana, kisha wakipewa glukosi hurudi kuwa wapole na hawakumbuki walichosema. Jambo hilo lilinifanya nianze kujiuliza mtu ni nani hasa. Baadaye nikasoma kwamba wanasayansi wamepima ubongo na kukuta huamua kabla ya mwenyewe kujua, na kwamba kwa kuwa ubongo ni atomi, na atomi hufuata sheria za fizikia, basi hakuna anayechagua chochote. Mdogo wangu amepoteza fedha nyingi kwa kubeti, zikiwamo za kikundi chetu cha kuweka na kukopa ambacho mimi ndiye niliyemdhamini. Hoja hiyo ameifanya ngao: anasema yeye hakuchagua, ubongo wake ndio ulioamua. Nilikosa la kumjibu. Kibaya zaidi, hoja imeniingia na mimi. Kuna asubuhi ninalala macho nikisubiri kuona kama mwili utaamka wenyewe. Je, ni kweli sayansi imethibitisha kwamba hatuna hiari? Fizikia ya kwantamu haituokoi? Na nina haki gani ya kumdai mdogo wangu?»

Jibu:

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza mambo matatu, na nadhani yanakulemea zaidi kwa sababu umeyafunga fundo moja: maabara zimegundua nini hasa, fizikia inaruhusu nini, na mtu anaweza kudaiwa nini. Hofu iliyo chini ya yote, kama nimekuelewa, ni kwamba unapokaa ukalipima jambo upande huu na upande ule, kazi yenyewe imekwisha kufanyika mahali pengine pasipokuhusu, nawe umebaki mtazamaji anayedhani ni mchezaji. Hofu hiyo si ya kijinga, na watu wenye akili kubwa wameishi nayo. Hata hivyo, sehemu yake kubwa imejengwa juu ya majaribio yanayosimuliwa kwa ufupi kupita kiasi, na juu ya picha potofu ya kile sheria za maumbile zinachofanya.

Nianze na maabara, kwa kuwa wewe ni mtu wa vipimo. Mwaka 1965 Hans Helmut Kornhuber na Lüder Deecke wa Freiburg, Ujerumani, walieleza kwamba kabla mtu hajasogeza kiungo kwa hiari yake, elektrodi, yaani vipande vidogo vya kupima umeme, zilizobandikwa kichwani hunasa wimbi dogo la umeme linaloongezeka polepole. Miaka karibu 20 baadaye Benjamin Libet, mtafiti wa San Francisco, alitaka kujua kama mtu huitambua nia yake kabla au baada ya wimbi hilo kuanza. Aliwakalisha watu mbele ya saa maalumu ambayo nukta yake ya mwanga ilizunguka mara moja kwa kila sekunde 2.56, akawataka wakunje kifundo cha mkono wakati wowote wanapojisikia, kisha waseme nukta ilikuwa wapi pale walipoanza kuihisi hamu ya kukunja. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1983, wimbi lilianza kwa wastani milisekunde 550 (zaidi kidogo ya nusu sekunde) kabla ya mkono kusogea, ilhali hamu iliyoripotiwa ilikuja milisekunde 200 hivi kabla ya mkono kusogea. Pengo hilo la milisekunde 350 ndilo lililozaa kauli anayoitumia mdogo wako.

Libet mwenyewe hakufika mbali hivyo. Alishikilia kwamba katika muda mfupi uliobaki mtu aliyekwisha kuitambua hamu yake anaweza kuizuia isigeuke tendo. Unaweza kulikubali au kulikataa wazo lake, lakini inafaa ujue kwamba mwenye jaribio hakuona kuwa ameizika hiari ya binadamu.

Sasa tulitazame wimbi lenyewe. Umeme wa ubongo hautulii kamwe. Hupanda na kushuka kwa nasibu hata mtu asipofanya lolote. Mtu aliyeambiwa «kunja mkono utakapojisikia» hana sababu yoyote ya kuchagua sekunde hii badala ya ile. Mwaka 2012 Aaron Schurger, Jacobo Sitt na Stanislas Dehaene walionyesha kwamba katika hali kama hiyo inatosha kudhani kuwa mkono hukunjwa pale mabadiliko hayo ya nasibu yanapovuka kizingiti fulani. Mtafiti huchukua rekodi nyingi, akazipanga zote kwa kuanzia wakati wa tendo, kisha akakokotoa wastani kwa kurudi nyuma. Kwa kufanya hivyo amekusanya zile nyakati tu ambazo umeme ulikuwa umepanda hadi kuvuka kizingiti, na nyakati nyingine zote ambazo ulipanda nusu ukashuka tena, bila mkono kusogea, hazimo kwenye hesabu. Wastani wa sampuli iliyoteuliwa hivyo lazima uonekane kama mlima unaopanda taratibu kuelekea kwenye tendo, hata kama hakuna uamuzi uliofanyika pale mlima unapoanza. Nina hakika umewahi kukataa sampuli iliyochukuliwa kwa upendeleo wa namna hiyo. Watafiti bado wanabishana kuhusu wimbi hili, lakini kulisoma kama muhuri wa uamuzi uliokwisha kupitishwa kwa siri ni kuliongezea maana ambayo halina.

Upande wa pili wa kipimo, yaani ile saa, nao una udhaifu. Mwaka 2009 William Banks na Eve Isham walicheza mlio mdogo mara tu baada ya tendo, wakauchelewesha kidogo kidogo, na watu wakausogeza mbele ule wakati waliodai kuwa ndipo walipoamua. Kitu kilichotokea baada ya tendo kilibadilisha taarifa ya kilichotangulia tendo. Hii inaonyesha kwamba sehemu ya taarifa hiyo hujengwa baadaye, kwa kukisia.

Utakuwa umesoma pia kwamba mashine za kupiga picha za ubongo zinaweza kutabiri uamuzi sekunde kadhaa kabla ya mwenyewe kuutambua. Jaribio hilo la mwaka 2008, lililoongozwa na John-Dylan Haynes huko Leipzig, lilihusu kubonyeza kitufe cha kushoto au cha kulia. Utabiri ulipatia kwa asilimia 60 hivi, ilhali anayerusha sarafu hupatia asilimia 50. Ni ugunduzi wa maana, kwani unaonyesha kwamba ubongo huwa umeegemea upande fulani mapema, lakini mtu aliyeegemea upande hajaamua bado. Hilo lajulikana na kila aliyewahi kubadili nia mlangoni.

Jaribio ninalopenda kuwakumbusha wanafunzi wangu ni la Uri Maoz na wenzake, lililochapishwa mwaka 2019. Badala ya kuwapa watu vitufe visivyo na maana, waliwataka wachague ni shirika lipi kati ya mawili ya hisani lipewe fedha za kweli. Pale uchaguzi ulipokuwa na uzito, lile wimbi maarufu lilitoweka au lilipungua sana; lilionekana wazi pale tu uchaguzi ulipokuwa wa ovyo. Washiriki walikuwa wachache, na singejenga nyumba juu ya jaribio moja. Hata hivyo, linatuonya tusihamishe matokeo ya kukunja mkono hadi kwenye maamuzi ya kuoa, kuacha kazi, au kuchukua fedha za kikundi.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni hapana. Maabara hazijathibitisha kwamba ubongo huamua na wewe ukaarifiwa baadaye. Na hata maneno hayo yana kasoro, maana yanamchukulia mtu na ubongo wake kama wapangaji wawili wa nyumba moja, mmoja akimtangulia mwenzake mlangoni. Kama kupima kwako mambo kunafanyika ndani ya ubongo, na kila dalili inasema hivyo, basi ni lazima kuchukue muda na kuwe na mwanzo wake wa umeme. Ningeshangaa zaidi kama uamuzi ungetokea bila chochote kuutangulia.

Hapo tunafika kwenye fizikia, ambako hoja ina nguvu zaidi. Mwaka 1814 mwanahisabati Mfaransa Pierre-Simon Laplace aliandika juu ya akili kuu ambayo, kama ingejua nguvu zote za maumbile na mahali ilipo kila chembe kwa wakati mmoja, ingeuona wakati ujao wazi kama ulivyopita. Ukiikubali picha hiyo, hata chai uliyoinywa leo ilikwisha kuandikwa katika mpangilio wa chembe kabla ya dunia kuwapo. Wengi hukimbilia fizikia ya kwantamu, yaani ile ya atomi na chembe zake, kama ulivyofanya wewe, na ni kweli kwamba fizikia ya karne ya 20 iliibomoa picha ya Laplace kwa kiasi kikubwa. Atomi moja ya madini yenye mnururisho haitupi dalili yoyote ya ni lini itapasuka. Tunajua uwezekano wake tu. Majaribio yaliyowapa wanafizikia Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger Tuzo ya Nobel mwaka 2022 yaliifanya nasibu hiyo kuwa ngumu zaidi kuikwepa, ingawa baadhi ya wanafizikia bado wanazitafsiri hesabu hizohizo kwa namna isiyoacha nasibu yoyote.

Lakini nasibu haikuokoi. Tuseme uamuzi wako wa kumwambia mdogo wako ukweli ulitokana na elektroni moja kuruka bila sababu. Je, ungekuwa wako zaidi? Ungekuwa wako kidogo kuliko kama ungetokana na upendo wako kwake na hasara uliyoiona. Tena ubongo ni mahali pa joto, penye maji na msukosuko mwingi. Mwaka 2000 mwanafizikia Max Tegmark alikokotoa kwamba hali nyeti za kwantamu ndani yake huvurugika upesi mno kuweza kuongoza fikra. Wapo wanaompinga, mwanafizikia Roger Penrose akiwa mashuhuri kati ya waliotafuta ufahamu katika kwantamu, lakini kwangu mimi njia hiyo haielekei popote hata kama hesabu zingewaunga mkono.

Kosa liko mapema zaidi, katika kudhani kwamba sheria za fizikia ni nguvu fulani iliyoko nje yako, inayokusukuma huku wewe ukitaka kwenda kwingine. Sheria hizo hueleza jinsi vitu vinavyokwenda. Hazikai pembeni zikiviamrisha. Fikiria watu wawili wanaocheza bao. Hakuna dadu, hakuna bahati nasibu. Kila kete inaangukia pale kanuni zinapotaka iangukie. Hata hivyo, mtu akiuliza kwa nini Hamisi ameshinda, hakuna atakayemjibu kwamba kanuni ndizo zilizoshinda. Atajibiwa kwamba Hamisi aliona mbele mitaji mitatu ambayo mwenzake hakuiona. Kuona mbele kwake kulikuwa sababu halisi ya ushindi, nako hakukuvunja kanuni hata moja. Mfano huu una mpaka wake, na usiupeleke mbali: kanuni za bao humwachia mchezaji njia kadhaa, ilhali sheria za Laplace zisingemwachia Hamisi hata namna ya kufikiri. Ninaloomba ulichukue ni dogo tu. Jambo kufuata sheria halimaanishi kwamba kufikiri kumeondolewa katika sababu zake.

Hapa ndipo asubuhi zako za kulala macho zinapohusika. Kuna mafundisho mawili yanayochanganywa mara nyingi. La kwanza husema kila tukio lina sababu zilizolitangulia. La pili husema litakalotokea litatokea, ufanye usifanye. La pili halitokani na la kwanza hata kidogo. Kwa kweli linapingana nalo. Ikiwa kila tukio lina sababu, basi kuamka kwako nako kuna sababu, na miongoni mwake ni wewe kukumbuka kwamba kuna sampuli zinakungoja na kuitupa shuka. Ukiiondoa sababu hiyo, matokeo nayo hubadilika. Anayelala akisubiri kuona kama mwili utaamka wenyewe hajajitoa kwenye mnyororo wa sababu na kuuangalia kwa mbali. Ameingiza humo sababu nyingine, nayo ni kule kusubiri. Hakuna mahali pa mtazamaji pa kukaa.

Waliosoma tauhidi huku pwani wataona kwamba mzozo huu una nasaba ndefu. Katika karne za mwanzo za Uislamu, Kadaria walisema mwanadamu ana uwezo juu ya matendo yake na Jabria wakasema anaendeshwa tu, hadi Abul Hasan al-Ash'ari, aliyetoka Basra, akatafuta njia ya kati: Mungu huumba tendo, na mja hulichuma. Wao walikuwa wakiulizia uwezo wa Mungu, sisi tunaulizia chembe. Lakini hata hapo walimu hawakukubali kwamba mja aache kufunga mlango kwa kuwa lililokadiriwa limekadiriwa.

Sitakuficha upande ulio mgumu. Mwaka 1983 mwanafalsafa Peter van Inwagen aliiweka hoja hivi: kama yote yamebainishwa, basi matendo yetu ni matokeo ya sheria za maumbile pamoja na hali ya dunia kabla hatujazaliwa; hatuna uwezo juu ya hizo sheria, wala juu ya yaliyopita; basi hatuna uwezo juu ya matokeo yake. Hoja hii haijavunjwa mbele ya wote. Wanaojibu kama mimi husema kwamba tunapomwambia mtu «ungeweza kufanya vingine», maana yetu ni kwamba angefanya vingine kama angetaka, au kama angelipima jambo vizuri zaidi. Hatumaanishi kwamba angeweza kufanya vingine na kila chembe ya ulimwengu ikibaki palepale. Wapinzani wetu hutuambia kwamba tumepunguza maana ya uwezo ili tushinde. Nakiri kwamba kuna kitu kinapotea. Hakuna aliyejiumba, hukuchagua wazazi wako, wala damu yako, wala mtaa uliokulia. Hiari ya mtu anayejianzisha mwenyewe bila chochote kumtangulia sidhani kwamba ipo, na sidhani kwamba imewahi kuwapo. Iliyopo ni hiari ya namna nyingine: uwezo wa kusikia sababu, kuzilinganisha, kujizuia, na kujirekebisha kwa kadiri ya sababu hizo.

Hiari ya namna hii ina viwango, na ndiyo inayoeleza uliyoyaona wodini. Mgonjwa ambaye sukari yake imeshuka amepoteza uwezo huo kwa muda, kwa kuwa sehemu za ubongo zinazozuia na kupima zimekosa chakula chake. Glukosi inapoingia damuni, uwezo hurudi. Umekuwa ukimsoma kama ushahidi kwamba sote ni kemia tu, lakini mtazame tena. Kama hakuna aliye na hiari, kusingekuwa na tofauti yoyote ya kueleza kati ya yeye wa saa nne na yeye wa saa tano. Tofauti ipo, na wauguzi wenyewe huijua, ndiyo maana hawamwekei kinyongo. Sheria za Tanzania na za Kenya hufuata mantiki hiyohiyo: humhesabu mtu kuwa na akili timamu hadi kinyume chake kithibitishwe, na humwondolea dhima ya jinai yule ambaye maradhi ya akili yamemzuia kuelewa anachokifanya au kujua kwamba hapaswi kukifanya. Mahakama haiulizi kama atomi zake zilifuata sheria za fizikia; za kila mtu zimefuata.

Mdogo wako yuko wapi kati ya viwango hivyo? Siwezi kujua kutoka huku. Baadhi ya wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko, wanaotumia dawa zinazoiga kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, kama pramipexole, huanza kucheza kamari bila kujizuia, na mara nyingi huacha dozi ikipunguzwa. Hilo linatufundisha kwamba hamu ya kamari inaweza kuvimba hadi kuuzidi uwezo wa mtu kuipinga, na kwamba uraibu wa kubeti ni jambo la kitabibu, hauishi kwa kukaripiwa. Ila anayesema «ubongo wangu ndio ulioamua» mjibu kwamba ubongo huohuo ndio utakaolipa deni. Hoja yake, hata ikiwa kweli, haimtofautishi na yeyote. Ingemwondolea deni yeye, ingemwondolea pia mwajiri wake wajibu wa kumlipa mshahara, na sidhani kwamba hilo angelikubali.

Kwa hiyo una haki ya kumdai, tena kwa niaba ya wanakikundi ambao hawakubeti. Kinachodhoofishwa na yote niliyoyasema ni kile kiu cha kumwona akiumia kwa sababu tu anastahili kuumia. Nikikumbuka kwamba hakuna aliyejichagulia mwanzo wake, kiu hicho hupungua ndani yangu, na sioni hasara. Kudai fedha zirudi, kumwondoa kwenye udhamini, kumnyima funguo za sanduku, yote hayo yanabaki na maana yake kamili, kwa kuwa yanaingia kwenye mnyororo wa sababu na kubadilisha matokeo.

Msaada utakaomfaa zaidi hauko katika ile nusu sekunde ya mwisho, simu ikiwa mkononi na mechi inaanza. Hapo hata mwenye nia njema hushindwa. Uko katika yale anayoweza kuyapanga asubuhi akiwa ametulia: kufuta programu ya kubeti, kuomba akaunti yake ifungwe, mshahara upitie kwa mtu anayemwamini, na kuamua mapema kwa maneno ya wazi, «nikihisi hamu ya kubeti, nitampigia kaka kwanza». Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer na wengine waliomfuata wameonyesha kwamba mipango iliyofungwa hivyo kwenye tukio mahususi hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Ikiwa amejaribu kuacha mara kadhaa akashindwa, anakopa ili arudishe alichopoteza, au anaficha, mpeleke kwenye kliniki ya afya ya akili badala ya kuendelea kubishana naye.

Nawe pia usijisahau. Kutafakari hiari hadi usiku ni afya ya akili yenye udadisi. Lakini ikiwa zile asubuhi zimefuatana kwa wiki mbili au zaidi, umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, usingizi umevurugika, au unajiona kama mwili unakwenda wenyewe nawe uko mbali ukitazama, basi falsafa imeacha kuwa chanzo na huenda imekuwa dalili. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, hupenda kuvaa nguo za hoja, na hoja ikijibiwa hutafuta nyingine. Muone daktari au muuguzi wa afya ya akili. Kama unaona haya kuonwa na wenzako wa kazini, omba rufaa kwenda hospitali ya mkoa, au kule kwenye huduma kubwa zaidi kama Muhimbili au Mirembe. Likikujia wazo la kujidhuru, nenda siku hiyohiyo, na mwambie mtu mmoja wa nyumbani kabla hujaondoka.